SOMO: SHILINGI ZA KIKUNDI NA SARATANI YA MATITI



Somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika mkutano, sehemu kwa sehemu. Anayeongoza asiharakishe, awape watu nafasi ya kuuliza. Wanaume wasiachwe nje. Mke akiugua, gharama ni ya nyumba nzima, na saratani hii huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache sana, kama mmoja kati ya wagonjwa 100.

Mahitaji: karatasi kubwa, kalamu, bakuli lenye punje 1,000 za mahindi na punje 3 za maharagwe. Punje zihesabiwe kabla ya mkutano.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo tuweze:
1. Kutofautisha kupima mtu asiye na dalili yoyote na kumshughulikia mtu mwenye dalili.
2. Kupiga hesabu wenyewe, tujue ni njia ipi inafikisha shilingi yetu mbali zaidi.
3. Kukubaliana jambo moja ambalo kikundi kitafanya.

1. SWALI LA KUANZIA

Tuseme kuna kikundi cha kina mama 20 huku kwetu, iwe Sotik, Bureti au Ainamoi. Bonasi ya majani chai imeingia mwezi wa Oktoba. Kila mmoja ametoa 3,000, na sanduku lina shilingi 60,000. Mmoja anasimama na kusema: "Kansa inatumaliza. Mimi naonelea tukodi matatu, twende mjini sisi sote tupigwe ile picha ya matiti." Watu wanapiga makofi. Mweka hazina anauliza picha ni pesa ngapi. Anaambiwa elfu tatu. Inatosha kabisa!

Lakini pale ng'ambo ya mto kuna jirani ambaye si mwanachama. Anachuma majani kwa kibarua. Ana kijiwe ndani ya titi tangu msimu wa kupanda. Hakimwumi, kwa hivyo amenyamaza. Tena hana nauli.

Zungumzeni kwa dakika kumi: hizo 60,000 ziende wapi? Andikeni majibu kwenye karatasi. Msibishane sana kwa sasa, tutarudi kwa majibu hayo baada ya hesabu.

2. TUNAJUA NINI JUU YA UGONJWA HUU?

Kwetu mtu akisikia "kansa" hufikiria kwanza ile ya koo la chakula, maana Bomet na Kericho zimejulikana miaka mingi kwa ugonjwa huo. Saratani ya matiti wengi huiona kama ugonjwa wa watu wa mjini. Si kweli. Kwa wanawake wa Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wagonjwa wapya. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wagonjwa wapya walikuwa zaidi ya 7,000 na waliofariki zaidi ya 3,000.

Wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umeshasonga mbele. Wengi pia bado hawajatimiza miaka 50. Huyo ni mama mwenye watoto shuleni na shamba la kuchuma.

Je, kuwahi kunasaidia? Ndiyo, mahali palipo na tiba. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2021 kwamba katika nchi tajiri zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. India ni 66. Afrika Kusini ni 40. Titi ni lile lile. Tofauti kubwa iko katika kuwahi na katika kumaliza tiba.

Dalili za kuangalia ni hizi:
- Kijiwe au uvimbe ndani ya titi au kwapani, hata kama hauumi. Mara nyingi mwanzoni hauumi, na hapo ndipo watu hudanganyika.
- Ngozi kuvutwa ndani, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
- Chuchu kuingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, au kutoa damu.
- Kidonda cha titi au cha chuchu kisichopona.
- Titi moja kubadilika umbo au ukubwa ghafla.

Na mkumbuke: uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kwa hivyo mwenye uvimbe asilie kabla ya kupimwa, wala asikae nyumbani akisema ni wa kawaida. Kwa macho na mikono peke yake hakuna anayeweza kusema kwa hakika.

3. MAMBO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Jambo la kwanza ni kupima watu wasio na dalili. Unawaita wanawake wote wa umri fulani, wazima kabisa, uwaangalie kama kuna kitu kimejificha. Njia moja ni mammogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Njia nyingine ni mkono wa muuguzi au mhudumu aliyefunzwa.

Jambo la pili ni kumwahi mwenye dalili. Huyu ameshaona kitu. Kazi ni kumfikisha kwa daktari upesi, apigwe ultrasaundi au mammogramu kama daktari ataagiza, na achukuliwe biopsi, yaani kipande kidogo cha nyama ya ule uvimbe kinachopelekwa maabara. Ni biopsi inayosema hii ni saratani au sivyo.

Watu wengi wakisema "tupigane na kansa" hufikiria jambo la kwanza tu, tena kwa mashine. Sasa tupige hesabu.

4. HESABU YA PUNJE

Chukueni lile bakuli. Kila punje ni mwanamke wa miaka 40 hadi 60 asiyejua kama ana ugonjwa au hana. Maharagwe matatu ni wale ambao mammogramu ingewapata wakipimwa mara ya kwanza. Changanyeni vizuri. Mtu mmoja afumbe macho, atoe punje 20. Hao ndio wanachama wetu waliopanda matatu. Je, kuna haragwe? Rudisheni, jaribuni tena mara tano.

Mmeona? Mara nyingi kina mama 20 watarudi nyumbani na habari njema, na sanduku tupu. Ili kumpata mmoja ingebidi vikundi kama 17 vya watu 20 kila kimoja kitoe 60,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja.

Sasa tulinganishe njia tatu kwa wanawake 1,000. Bei na idadi hizi ni za mfano wa kujifunzia. Mkifika nyumbani ulizeni bei za hospitali yenu na mzibadilishe.

Njia A: Mammogramu kwa wote.
Picha 1,000 kwa 3,000 ni 3,000,000. Picha nyingine zitaonyesha kitu cha kutiliwa shaka. Tuseme 80 wapigwe ultrasaundi ya 3,000, ni 240,000. Kati yao 15 wachukuliwe biopsi ya 8,000, ni 120,000. Jumla 3,360,000. Tumewapata 3. Kila mmoja ametugharimu 1,120,000.

Njia B: Mkono wa muuguzi kwa wote.
Wanawake 1,000 kwa 200 ni 200,000. Tuseme 40 wapelekwe ultrasaundi, ni 120,000. Biopsi 10 ni 80,000. Jumla 400,000. Mkono hauoni vidogo sana, kwa hivyo tuseme tumewapata 2. Kila mmoja 200,000.

Njia C: Wenye dalili peke yao.
Tunatangaza kwenye mabaraza, kanisani, sokoni na kwenye kituo cha kununulia majani. Tuseme wanajitokeza 20. Nauli 1,000 na ultrasaundi 3,000 kwa kila mmoja ni 80,000. Biopsi 5 ni 40,000. Jumla 120,000. Tumempata 1, kwa 120,000.

Hapo mtu atasema: "Lakini njia A imepata watatu. Yule wa tatu afe?" Ni swali zuri, na lisipuuzwe. Maisha ya mtu hayana bei. Lakini pesa zetu zina mwisho, na ndiyo sababu tunahesabu. Tofauti ya A na B ni 2,960,000 kwa ajili ya yule mmoja wa tatu. Kwa pesa hizo hizo njia B ingefika kata nyingine saba zenye wanawake 1,000 kila moja na kuwapata 14. Wale 14 nao ni mama za watu. Tofauti ni kwamba hatuoni nyuso zao tunapopiga makofi mkutanoni.

Wataalamu hufanya hesabu kama hii. Wao huuliza: kwa shilingi hizi, tumenunua miaka mingapi ya maisha yenye afya? Mnamo 2008 watafiti walihesabu kwamba India, kupima kwa mkono kila mwaka kati ya miaka 40 na 60 kungekaribia kuokoa sawa na mammogramu ya kila miaka miwili, kwa karibu nusu ya gharama. Mwaka 2012 hesabu iliyofanywa kwa Ghana ilipendelea pia mkono, kila miaka miwili kwa wa miaka 40 hadi 69, pamoja na tiba kwa wagonjwa wote. Na mwaka 2014 WHO ilishauri kwamba nchi ambazo huduma zake za afya bado ni dhaifu zianze na kuwawahi wenye dalili, kwa kuwa mammogramu kwa wote haifai pale tiba yenyewe haijasimama.

5. WENGINE WALIFANYA NINI?

Sudan, jimbo la Gezira. Kuanzia 2010 wanawake wa vijijini waliojitolea walifunzwa kupima matiti kwa mkono, wakapita nyumba kwa nyumba. Walipima zaidi ya wanawake 10,000. Waliokutwa na kitu walikuwa 138, waliofika hospitali ni 118, na 17 walikuwa na saratani. Wengi wa hao 17 ugonjwa ulikuwa bado mdogo. Hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama sisi waliofunzwa vizuri.

Rwanda, wilaya ya Burera. Ni nchi ya milima kama kwetu. Hospitali ya Butaro ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012. Baadaye wauguzi wa vituo vya afya walifunzwa kumpokea mwanamke mwenye malalamiko ya titi, kumpima na kumtuma mbele bila kumzungusha. Waliopatikana mapema wakaongezeka.

India, mjini Mumbai. Kuanzia 1998 wanawake kama 150,000 wa miaka 35 hadi 64 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipimwa kwa mkono kila miaka miwili na wahudumu waliofunzwa. Matokeo ya miaka 20 yalitolewa 2021. Kwa waliotimiza miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 vifo havikupungua. Tuseme ukweli wote: mkono unasaidia, lakini si dawa ya kila kitu. Ndiyo maana mwanamke kijana mwenye uvimbe asingoje siku ya kupimwa.

China, mjini Shanghai. Wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo zaidi ya 260,000 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafunzwa kujipima wenyewe kwa utaratibu maalum. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha vifo havikupungua, na waliokatwa uvimbe usio saratani waliongezeka. Basi tusipoteze semina nzima kufundisha mizunguko ya vidole. Mwanamke ajue titi lake lilivyo siku zote, akiona limebadilika aende.

6. KUPATA SI KUPONYA

Sisi ni watu wa majani chai, tunaelewa jambo hili. Ukichuma vizuri, majani mawili na kichipukizi, kisha lori lisifike kituoni, jioni majani yameungua ndani ya gunia. Umechoka bure. Kupima ni kuchuma. Kazi haijaisha mpaka kiwandani.

Njia ya mgonjwa ina vituo vingi: zahanati, ultrasaundi, biopsi, majibu, upasuaji, dawa za kemo, pengine mionzi ambayo huweza kumpeleka mpaka Eldoret au Nairobi, halafu vidonge vya miaka. Katika kazi yetu ya jamii tunaona watu wakipotelea katikati. Mmoja amefanyiwa biopsi, hakurudi kuchukua majibu. Mwingine ameanza kemo, ameacha baada ya mara mbili kwa sababu ya nauli. Mwingine mume amesema twende kwanza kwa dawa za mitishamba. Pesa iliyotumika mwanzoni inapotea, na mtu pia anapotea.

Mashine peke yake haitoshi. Kuanzia 2015 serikali ilipeleka vifaa vya kisasa katika hospitali 98 nchini, na mammogramu zikiwemo. Kamati ya Seneti ilipochunguza mpango huo, mwaka 2020 ilieleza kwamba vifaa vingine vilikaa bila kazi. Picha inahitaji mtu wa kuipiga, mtu wa kuisoma na umeme usiokatika.

WHO imeweka malengo matatu, rahisi kuyakumbuka:
- Wagonjwa 60 kati ya 100 wagunduliwe ugonjwa ukiwa bado mapema.
- Majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu kufika kituo cha afya.
- Wagonjwa 80 kati ya 100 wamalize tiba.

Lengo la pili na la tatu kikundi cha kijiji kinaweza kuyafanyia kazi bila mashine yoyote.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI NA ZILE 60,000?

Haya ni mapendekezo, nanyi mpime.

Kwanza, mfuko wa nauli na biopsi. Tengeni sehemu kwa ajili ya mtu yeyote wa kijiji mwenye dalili, awe mwanachama au la. Wekeni sheria wazi: nani anaidhinisha, kiasi gani, ni ruzuku au ni mkopo usio na riba. Yule jirani wa ng'ambo ya mto ndiye wa kwanza.

Pili, bima. Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF imeondoka na SHA imechukua nafasi yake. Kujiandikisha ni bure, na huduma za zahanati na kituo cha afya hulipwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyejiandikisha. Lakini matibabu ya saratani hospitalini yanataka mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wengi hukwama kwa sababu mwaka mzima hudaiwa kwa mpigo. Hapo mzunguko wa kikundi ni msaada mkubwa: kikundi kinalipa, mwanachama anarudisha 300 kila mwezi.

Tatu, msindikizaji. Chagueni wanachama wawili wenye kunyamaza na siri za watu. Kazi yao ni kwenda na mgonjwa, kuandika tarehe, na kuhesabu siku 60. Siku ya 30 majibu yakiwa hayajatoka, waende wakaulize. Kabla ya safari wapige simu: je, Longisa, Kapkatet, Kaplong, Tenwek au hospitali ya Kaunti Kericho wanafanya ultrasaundi na biopsi siku hiyo? Safari ya bure ni nauli iliyotupwa.

Nne, siku ya mkono. Ombeni zahanati itenge siku moja ya muuguzi aliyefunzwa kupima matiti. Mhudumu wa afya wa jamii awasaidie kuita watu. Lakini msiite watu kabla ya kujua watakaokutwa na kitu watapelekwa wapi.

Na mammogramu? Hatusemi ni mbaya. Mwongozo wa taifa wa 2018 unaitaja kwa wanawake kuanzia miaka 40. Mwenye uwezo, au ambaye mama yake au dada yake aliugua, amwone daktari na ashauriwe. Daktari akimwagiza mwenye uvimbe apigwe, apigwe, maana hiyo si kupima mzima, ni kutafuta jibu. Tunachosema ni kwamba pesa ya kikundi isianzie hapo.

8. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Rudini kwenye karatasi ya kwanza. Ni nani amebadilisha jibu lake, na kwa nini? Ni nani hajabadilisha? Asikilizwe.
2. Katika kijiji chetu, mwenye uvimbe hukwama wapi zaidi: woga, aibu, mume, nauli, au hospitali yenyewe?
3. Kama mfuko unatosha mtu mmoja na wamekuja wawili, tutaamua vipi? Afadhali tukubaliane leo kabla ya kuwaona.
4. Wazee watuambie: mwanamume afanye nini siku mke wake akimwambia ameona kijiwe?

9. KAZI YA MWEZI HUU

Watu watatu waulize bei ya ultrasaundi, ya biopsi na ya nauli katika hospitali mbili tofauti, waandike. Mweka hazina aorodheshe wanachama ambao mchango wao wa SHA haujalipwa. Na kila mmoja wetu azungumze na wanawake watano juu ya zile dalili, hasa wale ambao hawaji mikutanoni: wachumaji wa vibarua, mabibi wazee, wasichana waliotoka kuolewa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mtu mwingine hafichi kwa kutaka. Anaficha kwa sababu anajua akisema hakuna la kufanyika. Kikundi kikiwa na nauli, na mtu wa kumsindikiza, atasema.